Nyumba Lazima Iwe na Mtu

Sisi tuliofanya naye kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali tulimwita Pasi. Si kwa ukali, maana alikuwa mpole kupita kiasi. Tulimwita hivyo kwa sababu shuka ikishapita mikononi mwake ilinyooka hata ukaona haya kuilalia. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mabega mapana, na alikuwa na ndoa moja iliyomshinda zamani. Ukimbana sana alisema, "Ilivunjika kama chupa, na vipande nimeshafagia." Watoto hakujaliwa. Alipanga chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha matofali, paa linavuja, jirani ana redio. Ndugu yake wa tumbo moja alikuwa kaka yake tu, fundi lifti, aliyemlea tangu wazazi walipofariki. Na huyo kaka alikuwa na mke, ambaye Pasi alimpenda, nadhani, kuliko hata kaka mwenyewe.

Haya ninayosimulia alinieleza kwa vipande tukikunja shuka, yeye ncha mbili na mimi ncha mbili, tukisogeleana na kuachana.

Kaka alipata kazi nchi nyingine, kwenye kampuni inayotunza lifti za majengo marefu. Mkataba ulikuwa mzuri, na nyumba ya kuishi ingelipiwa na kampuni. Siku ya kwanza mhasibu wa kampuni alimwita ofisini. Alikuwa mama wa makamo aliyezaliwa huku kwetu akaolewa huko. Akamweleza kwamba serikali ya huko inahesabu nyumba unayolipiwa na mwajiri kuwa ni mshahara wako, hata kama hela yenyewe hujaigusa.

"Ngoja nielewe," kaka akasema. "Kampuni inanilipia kodi ya nyumba, halafu serikali inanikata kodi kwa sababu ya hiyo kodi?"

"Ndivyo."

"Kodi juu ya kodi!"

"Cheka tu. Lakini kuna nafuu. Kama umekuja kwa muda, na kwenu una nyumba yako unayoitunza, mkeo anaishi humo na wewe unarudi humo ukipata likizo, wanahesabu kwamba makazi yako ni kule. Huku ni kama umelala safarini, kwa hiyo hiyo nyumba hawakukatii kodi. Ila nyumba lazima iwe na mtu. Mkiipangisha, au mkeo akihama, nafuu imekwisha."

Mkewe alikuwa na mpango wa kuipangisha na kumfuata baada ya miezi michache. Aliposikia hivyo akatoa nguo kwenye sanduku akazirudisha kabatini. Hakulalamika. Alimwambia Pasi, huku akicheka kile kicheko chake cha puani, "Wifi, wenzangu wanalinda benki, mimi nalinda nafuu."

Wakawa wanaongea kwa simu kila jioni, fundi akitoka kazini na mke akiwa ameketi kwenye kiti cha jikoni karibu na dirisha. Fundi alikuja likizo moja, akapaka rangi sebule, akarudi kazini.

Mwaka uliofuata presha ilimwangusha mke jikoni, mchana kweupe. Aliyemkuta ni jirani, Mama Pacha, aliyesikia maji ya bomba yanamwagika bila kukoma akapiga hodi, akapiga tena, akaingia. Fundi alipigiwa simu akiwa juu ya jengo. Pasipoti yake ilikuwa uhamiaji ikisubiri kibali kipya, na alizunguka ofisi za watu akilia, wakamwambia avumilie. Mazishi yakafanyika bila yeye. Kijana wa jirani alishika simu juu ili fundi aone, lakini picha ilikatika wakati wanashusha jeneza. Pasi akachota udongo mara mbili, konzi yake na konzi ya kaka yake.

Viti vya msiba vilikuwa havijarudishwa wakati kaka alipompigia.

"Mdogo wangu, hamia nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwangu. Utaokoa pango la hicho chumba chako kinachovuja."

"Kaka, sema unachotaka kusema."

"Nyumba lazima iwe na mtu. Na simu ya wifi yako usiizime. Mhasibu hupiga mara moja kwa mwaka kuhakiki. Akiuliza kama mke wa fundi yupo, sema yupo."

"Nitasemaje yupo, na mimi ndiye niliyemvika nguo ya mwisho?"

"Sema yupo tu. Sitaki kwenda ofisi za watu kuwaambia habari zake. Sijawa tayari."

Pasi alikubali. Kaka ni kaka, na paa lilikuwa linavuja kweli. Tena alidhani ni jambo la muda, mpaka machozi yakauke.

Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, mlango wa bluu, veranda ya saruji nyekundu inayopakwa nta. Pasi alilala chumba kidogo cha wageni. Chumba cha wenyewe aliagizwa akitunze kilivyo. Kwa hiyo kila wiki alibadilisha shuka za kitanda ambacho hakikulaliwa, akazifua, akazipiga pasi, akazitandika upya. Ndara za wifi zilibaki mlango wa jikoni, vidole vikiangalia nje. Kitana kilikuwa na nywele, naye hakuzitoa. Kaka alimwambia huenda siku moja atumwe mtu kuja kuangalia kama kweli nyumba ina mke, na mtu huyo atataka kuona vitu vya mke.

Simu ndiyo ilikuwa kazi. Watu wasiojua waliendelea kupiga. Mwanzoni Pasi aliwaambia ukweli, "Huyu ni wifi yake, mwenyewe amefariki," na kila mara ilimlazimu kuanza msiba upya, kumsikiliza mtu aliyeko mbali akilia, kumbembeleza. Mara moja alipiga rafiki wa zamani wa wifi, waliyesoma pamoja, akaanza kwa vifijo, "Wewe! Umepotea! Uko wapi?" Siku ile Pasi alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, miguu imevimba, hana nguvu ya kumliza mtu.

"Nipo," akasema. "Nipo tu."

Rafiki akafurahi, akapiga soga mpaka salio likamwishia. Pasi aliniambia kwamba baada ya simu ile alibaki ameduwaa, kwa sababu yule rafiki hakushtuka hata kidogo. Sauti ilikuwa imepita bila kuulizwa.

Mhasibu alipopiga, kwa hiyo, Pasi alikuwa ameshapata mazoezi.

"Naongea na mke wa fundi lifti?"

"Naam."

"Upo nyumbani, mama?"

"Nipo."

"Hamjapangisha?"

"Hatujapangisha."

"Haya, samahani kwa usumbufu. Tunahakiki tu. Mumeo anakusifu sana, hakuna siku hakutaji."

Pasi aliweka simu mezani taratibu. Kisha akaenda kuosha mikono, ingawa haikuwa michafu.

Sisi kazini tuliona mabadiliko bila kujua tunaona nini. Pasi ambaye alikuwa akicheka kwa kinywa kizima alianza kucheka kwa pua. Ukimwita alichelewa kugeuka, kama anayesubiri kujua ameitwa nani. Siku moja ya baridi alivaa sweta ya wifi kwenda kuanika nguo uani. Mama Pacha alikuwa upande wa pili wa ua na beseni lake. Alipoona mgongo ule na sweta ile, aliketi chini ghafla, palepale kwenye maji ya sabuni.

"Mungu wangu! Nilidhani ni mwenyewe."

"Ni mimi, Mama Pacha."

"Najua ni wewe sasa hivi. Lakini mwanangu, hiyo nguo itoe. Wewe mwenyewe hujioni."

Aliitoa. Ila aliniambia kwamba ile sweta ilimkaa vizuri kuliko nguo zake zote.

Na kaka alikuwa akipiga kila jioni. Mwanzoni alipiga kwenye simu ya Pasi na kuuliza ya kawaida, kama tangi la maji limejaa au kama bati la jikoni limepigiliwa. Baadaye akaanza kupiga kwenye ile nyingine. Alisema mtandao wake ni mzuri zaidi. Akataka kujua Pasi ameketi wapi. Akimwambia yuko sebuleni, alisema, "Keti jikoni, karibu na dirisha, hapo nasikia vizuri." Akauliza mapazia ya chumbani yamefunguliwa au yamefungwa. Akauliza jua limefika wapi ukutani. Pasi alijibu yote. Alimwona ni mtu mpweke aliyeko mbali, anayetaka kuiona nyumba yake kwa masikio.

Jioni moja alipiga, akavuta pumzi.

"Bibie," akasema, "leo nimechoka."

Bibie ndivyo alivyokuwa akimwita mkewe. Hakuna mwingine duniani aliyeitwa hivyo na kinywa kile. Pasi alijua kabisa lililopaswa kusemwa: Kaka, ni mimi, mdogo wako. Maneno yalikuwa hapo. Lakini alisikia uchovu wa mtu aliyembeba mgongoni utotoni, na neno likamtoka.

"Pole."

Ni neno moja tu, na sisi humpa kila mtu, aliyejikwaa na aliyefiwa. Upande wa pili kaka yake alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Akaanza kusimulia siku yake, lifti iliyogoma, mzee aliyenasa ndani akawa anaimba ili asiogope. Alisimulia kama mume anavyosimulia. Alipomaliza alisema, "Haya, Bibie, funga mlango," akakata.

Kuanzia hapo hakuwahi tena kumwita mdogo wangu.

"Kwa nini hukumkataza?" nilimuuliza, shuka ikiwa imetanda kati yetu.

"Ningemkataza nani?" akajibu. "Mimi nilikuwa nashinda humu, jioni naingia kwenye nyumba ile, najikuta najua kisu kiko droo gani kabla sijakitafuta. Kuna siku nilitaka kulala nikajikuta nimesimama mlango wa chumba cha wenyewe, mkono uko kwenye kitasa. Chumba changu ni upande mwingine kabisa."

"Uliingia?"

"Nilikuwa nimeshika kitasa tu." Akakunja ile shuka peke yake, hakuniachia ncha zangu.

Miaka ilipita hivyo. Mhasibu aliacha kupiga. Pasi alipomuuliza kaka yake, akamwambia utaratibu umebadilika, sasa wanaweza kupiga siku yoyote, kwa hiyo simu isikae mbali. Basi akawa anaibeba mpaka kazini, mfukoni mwa aproni, joto la pasi likiipasha. Zilipotangazwa nafasi za kazi kwenye hospitali mpya upande wa pili wa mji, zenye vyumba vya wafanyakazi, msimamizi alimwita kwa jina, Pasi akakataa. Kuna fundi bomba mmoja, aliyefiwa na mkewe, aliyekuwa akimletea maembe na kujifanya amepita tu. Naye pia Pasi alimkatisha tamaa. Mtu atamleta mgeni vipi kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba yake hajaondoka?

Kisha ile simu ya wifi ikaita mchana, tukiwa kazini. Alikuwa mhasibu.

"Mama, usishtuke. Mumeo ameumia mguu. Chuma kimemwangukia kwenye chumba cha mashine. Yuko hospitali, anaongea, atapona. Wewe ndiye uliyeandikwa kuwa jamaa yake, ndiyo maana nakupigia."

Pasi aliegemea ukuta. Nilikuwa karibu, nikamshika kiwiko. Aliuliza mambo ya mguu, akajibiwa. Kisha, kwa hofu ya mtu aliyepewa kazi moja ya kulinda, akauliza kama hii haitaharibu ile nafuu ya nyumba, kwa sababu yeye yupo, hajaondoka, hata siku moja.

"Nafuu ipi?" mhasibu akauliza.

"Ile ya kodi. Ya nyumba kuwa na mtu."

"Ah, mama! Ile ilikuwa na ukomo. Mtu akizidisha miaka hawamhesabu tena kuwa yuko safarini. Imeisha siku nyingi, na nilimweleza mwenyewe. Analipa kodi yote kama wengine. Hata mkipangisha nyumba leo hakuna wa kuuliza. Nilimwambia, basi mlete mkeo, mnateseka bure. Akaniambia wewe hutaki kuondoka kwenye ile nyumba."

Pasi alikuwa ameweka sauti ya nje kwa ajili ya kelele za mashine, kwa hiyo nilisikia. Mashine ya kukaushia ilizunguka, ikazunguka. Halafu akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka, sauti yake mwenyewe, nzito kidogo:

"Dada, mimi si mke wake. Mimi ni mdogo wake. Mke alifariki kabla hujaanza kuongea na mimi."

"Unasema nini?"

"Mke wa fundi amefariki. Yuko kaburini."

"Sasa mimi nilikuwa naongea na nani?"

"Na mimi."

Mhasibu hakukasirika. Nadhani aliogopa. Alisema kwamba kwa ile miaka ya mwanzo fundi alipata nafuu isiyo yake, na jambo hilo halifichiki sasa. Lakini atampa nafasi akaseme mwenyewe kabla yeye hajaandika. Alipokata, Pasi aliitoa ile simu kwenye joto la meza ya pasi, akaiweka dirishani, akaomba ruhusa ya kutoka.

Alimpigia kaka yake siku ileile, kwa simu yake yeye.

"Namba gani hii?" kaka akauliza.

"Ya mdogo wako. Huijui tena?"

"Ile nyingine ina nini?"

"Haina kitu. Kaka, kodi iliisha. Kwa nini hukuniambia?"

Pasi hakumngoja ajibu.

"Umeniweka kwenye nyumba ile kwa ajili ya kodi ambayo haipo. Nimekataa kazi. Nimekataa mtu. Nimekutandikia kitanda."

"Nilikuwa najua amekufa," kaka akasema polepole. "Usidhani nimepata wazimu. Nikikata simu, nilikuwa najua. Asubuhi nikipanda ngazi, nilikuwa najua. Ila nikipiga na ikapokelewa, ndani ya ule muda, nilikuwa sijui."

"Na mimi je? Ndani ya ule muda nilikuwa nani?"

Kaka akasema, "Ile siku ya mazishi mtandao haukukatika. Nilizima mimi. Nilisema, nisipoona, hawajamzika."

"Wamemzika, kaka. Nilikuwepo. Nilikutupia na udongo wako."

Hapo ndipo alipolia, kilio kikubwa cha mtu mzima, mpaka muuguzi akaja kumuuliza kama mguu unamuuma. Kisha akaomba jambo. Alimwomba dada yake, mara moja tu na haombi tena, aseme lile neno pole alilokuwa akisema jioni, kwa ile sauti.

"Hapana," Pasi akasema. "Nikilisema kwa ile sauti sijui kama nitairudisha ya kwangu."

Fundi alikwenda mwenyewe kwa watu wa kodi, kwa magongo, akasema mkewe alifariki lini. Walimtaka arudishe alichokuwa amesamehewa pamoja na adhabu, na mafao yake mengi yakaishia huko. Aliniambia baadaye kwamba adhabu haikumuuma. Kilichomuuma ni karani kijana aliyemuuliza bila ubaya wowote, "Kwa hiyo tangu tarehe hiyo nyumba haikuwa na mtu?" Naye akajibu, "Haikuwa na mtu." Ilikuwa mara ya kwanza kwa kinywa chake kulisema.

Akarudi. Mimi nilikuwepo, Pasi aliniomba nisimwache peke yake. Alishuka kwenye teksi akichechemea, akasimama mbele ya mlango wa bluu. Mlango ulikuwa wazi. Alikunja mkono kugonga, akausitisha, akamtazama dada yake ambaye alikuwa nyuma yake, upande wa nje, pamoja nami. Tukasikia nyumba ilivyo kimya. Hakuingia. Alisema twende kwanza makaburini, na huko alikaa chini na mguu wake mbovu ameunyoosha, akang'oa nyasi ambazo Pasi alikuwa ameshazing'oa.

Nguo za wifi tuliziosha sisi wa hospitalini, tukazigawa. Sweta hakuna aliyeitaka, Mama Pacha akaichoma nyuma ya ua bila kumuuliza mtu. Nyumba ilipangishwa kwa mwalimu mwenye watoto wengi, wakavunja kioo wiki ya kwanza. Fundi anaishi vyumba viwili karibu na soko na anatengeneza lifti ya jengo la serikali, moja tu, inayoharibika kila mara. Laini ya ile simu waliifunga pamoja, kaka na dada.

Lakini fundi aliwahi kupiga ile namba. Alikiri mwenyewe, Jumapili moja, akinywa chai chumbani kwa Pasi. Alijua imefungwa, alitaka tu kusikia haipatikani. Ikapatikana. Kampuni ya simu ilikuwa imempa mtu mwingine, mwanamume mwenye haraka, kelele za gereji nyuma yake. "Haloo! Nani? Sema basi, nani?" Fundi akakata. Alitusimulia akicheka, tukacheka naye, kisha akaacha kucheka kabla yetu.

Pasi bado tunafanya naye kazi. Yule fundi bomba alishaoa kwingine. Pasi amepata chumba kisichovuja, kina dirisha moja, na kitanda chake ameweka mbali na dirisha hilo. Kuna siku mashine zikizimwa kwa pamoja chumba cha kufulia kinakuwa kimya ghafla, naye huinua kichwa na kusema, "Nipo," kabla yeyote hajamwita. Sisi tunamsogezea ncha za shuka, tunaendelea kukunja.